Kuchora Maua kwa Rangi za Maji Bila Kuishia na Tope: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Picha za maua mlizochora na kunitumia tangu masika yaanze zina ugonjwa mmoja. Petali ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu imeingiliana na ya kwanza, kitovu cha njano kimegeuka kahawia, na karatasi imevimba katikati kama chapati iliyopata moto. Wengi wenu mmeandika kwamba hamna kipaji. Sikubaliani nanyi. Kila picha niliyoiona imeharibiwa na mambo mawili: kiasi cha maji, na kutosubiri. Yote mawili hufundishika.

Nimeandika hatua zote kama ninavyozifundisha barazani hapa Ngamiani, Tanga. Tutatumia ua moja tangu mwanzo hadi mwisho: lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, lililopewa jina la kitaalamu Saintpaulia mwaka 1893 na ambalo leo linafugwa vyunguni kwenye madirisha ya watu Ulaya na Marekani. Ni la mkoa wetu. Lina petali tano tu, na kitovu chake ni vitone viwili vya njano. Sijaona ua linalomfaa zaidi anayeanza.

## Vifaa: kusanya vyote kabla ya kulowesha brashi

Rangi. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba "rangi ya maji", utapewa ndoo ya kupaka ukutani. Nenda duka la vifaa vya shule, useme unataka rangi za maji za kuchorea, za vidonge au za tyubu. Kasha la rangi 12 linatosha kabisa. Usikubali kupewa posta kala badala yake. Posta kala hufunika, na sisi tunataka rangi inayopitisha mwanga, ili weupe wa karatasi uonekane kwa chini. Kuna jaribio rahisi: chora mstari kwa kalamu ya wino, uache ukauke vizuri, kisha pitisha rangi nyepesi juu yake. Mstari ukiendelea kuonekana, hiyo ndiyo rangi yenyewe.

Karatasi. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu kizuri, nunua karatasi. Ile ya kutolea kopi ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba. Ukiilowesha inajikunja, na maji yanakusanyika mabondeni. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300. Ukikosa, isishuke chini ya 200. Usipoipata madukani hapa Tanga, agiza Dar es Salaam iletwe kwa basi. Manila ya kawaida itumie kwa mazoezi tu, kwa sababu ukiisugua mara mbili inatoa manyoya.

Brashi. Mbili za duara, namba 8 na namba 2. Kabla ya kulipa, omba maji kidogo dukani, ilowe, ikung'ute mara moja. Ncha ikijikusanya kuwa kali, nunua. Ikibaki imetawanyika kama ufagio, rudisha.

Maji. Makopo mawili. La kwanza la kuoshea brashi, la pili la maji safi ya kuchanganyia. Ukitumia kopo moja, baada ya dakika kumi unachanganya rangi kwa maji machafu bila kujua, na njano ndiyo hufa mwanzo. Wenye visima vya maji ya chumvi, msiyatumie. Chumvi huvuta rangi na kuacha madoa kama nyota, tena yanatokea pale ambapo hukuyataka.

Sahani nyeupe ya kula, ya kauri, ndiyo ya kuchanganyia. Ya plastiki inafanya rangi ijikusanye matone matone, usiweze kuisoma.

Vinginevyo: kipande cha khanga kuukuu cha kufutia brashi (pamba iliyofuliwa sana hunyonya vizuri kuliko tishu), tishu chache za kuokolea ajali, utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, kibao bapa, penseli ya HB na ufutio laini.

Jambo moja la mwisho ambalo halinunuliwi. Nawa mikono kwa sabuni. Mafuta ya nazi uliyojipaka asubuhi yanahamia kwenye karatasi, na mahali palipoguswa patakataa maji. Utaona rangi inakimbia doa na hutajua kwa nini. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja muda wote unapochora.

## Hatua ya 1: Bandika karatasi kwenye kibao

Kata karatasi nusu ya A4. Bandika kingo zote nne kwa utepe, nusu ya upana wa utepe ikiwa juu ya karatasi na nusu juu ya kibao. Pitisha ukucha uushikilie vizuri. Karatasi iliyolowa hutanuka, na isiposhikiliwa inapanda na kushuka.

Kisha weka kitabu chembamba chini ya upande wa juu wa kibao ili kilale mteremko kidogo, kama sentimita mbili. Mteremko huo unaielekeza rangi ishuke upande mmoja badala ya kuzurura.

Kaa kivulini penye mwanga. Jua la moja kwa moja litakausha petali kabla hujaimaliza. Feni usiielekeze kwenye karatasi, maana inasukuma dimbwi la rangi hadi ukingoni.

## Hatua ya 2: Jifunze maji kwanza, ua baadaye

Hatua hii ndiyo mnayoiruka, na ndiyo inayowaangusha. Ipe jioni nzima.

Mimi hupima uzito wa rangi kwa vitu vya jikoni:

*Chai ya rangi.* Maji mengi, rangi kidogo. Ukiinamisha sahani inakimbia.

*Tui jepesi.* Inakimbia polepole na kuacha utando nyuma yake.

*Tui zito.* Haikimbii, inajivuta. Hii ni rangi nyingi na maji machache.

Chora miraba mitatu kwenye karatasi ya mazoezi, na ujaze kila mmoja kwa uzito wake. Acha ikauke. Utagundua kwamba zote tatu zimefifia kuliko zilivyokuwa zikiwa mbichi. Kumbuka hilo: rangi ya maji ikikauka hupauka, kwa hiyo ipake ikiwa imekolea kidogo kuliko unavyotaka ibaki.

Sasa jifunze karatasi. Lowesha mraba mwingine kwa maji matupu, uinamishe macho uutazame kwa ubavu. Una hali tatu.

Ya kwanza, karatasi inang'aa. Ukigusa kwa rangi, rangi inaenea kwa ulaini bila ukingo. Huu ni wakati wa kuchanganya rangi juu ya karatasi.

Ya pili, mng'ao umekwisha lakini karatasi bado baridi. Usiiguse! Ukiweka brashi yenye maji hapa, maji mapya yanasukuma rangi iliyoanza kushika, na linatokea doa lenye ukingo uliojikunja kama koliflawa. Nusu ya picha mlizonitumia zina doa hili. Halitokani na mkono mbaya, linatokana na dakika tatu za kukosa subira.

Ya tatu, imekauka. Pima kwa mgongo wa vidole, si kwa ncha, kwa sababu ncha ina jasho. Kama haina ubaridi, imekauka. Rangi utakayoweka sasa itakuwa na ukingo mkali, na ya chini haitahama.

*Umefaulu ukiweza* kutazama karatasi na kusema iko hali gani kabla ya kuigusa. Kabla ya hapo usiende mbele.

## Hatua ya 3: Petali kwa mguso mmoja

Chukua brashi namba 8, ijaze tui jepesi, futa tone la ziada kwenye ukingo wa sahani. Gusa karatasi kwa ncha. Kandamiza taratibu hadi tumbo la brashi lilale, kisha inua ukiivuta kidogo kuelekea kwako. Umepata umbo la tone: ncha nyembamba upande ulikoanzia, mviringo upande wa pili. Ukiweka miguso miwili ubavu kwa ubavu, ya haraka, ikaungana ikiwa mbichi, umepata petali pana.

Fanya ishirini. Hazitalingana, na zisilingane; nenda kautazame mti wowote wa maua hapo nje, hakuna petali mbili sawa.

Kosa la hapa ni kuchora mzingo wa petali kwanza halafu kuujaza kama kitabu cha watoto. Ukifanya hivyo, mzingo unakauka kabla hujafika katikati na unabaki na mstari usiofutika. Brashi ndiyo inayoumba petali. Penseli inaonyesha mahali tu.

## Hatua ya 4: Penseli, kidogo sana

Chora duara hafifu la upana wa sentimita nne. Weka nukta karibu na katikati, ipande juu kidogo. Kutoka kwenye nukta gawa petali tano: mbili ndogo juu, tatu kubwa zaidi chini. Hivyo ndivyo ua la Usambara lilivyo. Ukizilinganisha zote tano, utapata ua zuri lakini si hilo.

Zungushia nukta duara dogo, upana kama punje ya mbaazi. Humo rangi ya zambarau haingii kabisa.

Pitisha ufutio juu ya mistari yote hadi ibaki kama kivuli. Penseli iliyofunikwa na rangi haifutiki tena kwa urahisi.

## Hatua ya 5: Tengeneza zambarau iliyo hai

Kama kasha lako lina zambarau safi, itumie. Kama huna, changanya bluu na nyekundu, lakini chagua nyekundu kwa makini. Nyekundu ya pilipili, ile inayoelekea machungwa, ina njano ndani yake, na njano huua zambarau. Utapata rangi ya udongo wa Lushoto. Chukua nyekundu inayoelekea waridi. Anza na bluu, ongeza nyekundu kidogo kidogo, jaribu kwenye kipande cha karatasi ileile.

Tengeneza vidimbwi viwili: kimoja chai ya rangi, kingine tui zito. Vitengeneze vya kutosha ua zima. Ukiishiwa katikati ya petali ukaanza kuchanganya upya, hutapata rangi ileile, na petali haitakungoja.

## Hatua ya 6: Tabaka la kwanza

Zipe petali namba, moja hadi tano, kwa kuzunguka.

Paka petali 1 na 3 tu. Weka chai ya rangi petali nzima. Ikiwa bado inang'aa, chovya ncha ya brashi kwenye tui zito, uguse mara moja sehemu iliyo karibu na kitovu. Kisha ondoa mkono.

Ondoa mkono kweli. Rangi nzito itatambaa yenyewe kuelekea nje, ikipungua polepole, na mteremko huo wa rangi ndio unaofanya petali ionekane imejikunja. Brashi haiwezi kuufanya vizuri kuliko maji. Binti mmoja niliyekuwa nikimfundisha alikuwa akirudi kuusawazisha kila mara, na kila mara petali ikawa ya rangi moja, bapa. Nikamwambia, "Mwanangu, kalia mkono huo." Akaukalia. Petali ya siku ile bado imebandikwa ukutani kwao Chumbageni.

Subiri zikauke kabisa. Siku ya kaskazi, hewa kavu, kwangu huchukua kama dakika kumi. Masika hii inafika nusu saa, wakati mwingine zaidi. Pika chai. Usikadirie kwa saa, pima kwa mgongo wa kidole.

Paka 2 na 4. Subiri tena. Malizia na 5.

Tunaruka petali kwa sababu rangi mbichi ikigusana na rangi mbichi huungana kuwa dimbwi moja. Petali ikiwa na jirani mkavu, mpaka unabaki. Ukitaka usalama zaidi, acha mwanya mweupe kama unywele kati ya petali na petali. Mimi huuacha makusudi hata sasa, maana unaliletea ua mwanga.

*Mafanikio yanaonekana hivi:* petali tano zinazotofautiana ukolevu, nzito karibu na kitovu, nyepesi kingoni, na kiduara cheupe katikati ambacho hakijaguswa.

## Hatua ya 7: Tabaka la pili

Karatasi iwe imekauka. Kwa tui jepesi, ongeza kivuli pale petali moja inapoingia chini ya nyingine. Weka mguso mwembamba, osha brashi, ifute kwenye khanga, kisha kwa brashi hiyo yenye unyevu tu lainisha upande mmoja wa mguso. Upande mmoja unabaki mkali, wa pili unayeyuka.

Ukipenda mishipa ya petali, tumia namba 2 na mistari mitatu isiyozidi, ikitoka kitovuni na kufifia kabla ya kufika ukingoni.

Kisha acha. Tabaka mbili zinatosha, tatu ni mwisho. Kila tabaka linaziba mwanga wa karatasi, na zikizidi ua linaanza kufanana na kitambaa kilichofuliwa vibaya.

## Hatua ya 8: Kitovu

Osha brashi mpaka maji yatoke meupe, badilisha maji ya kopo la pili, futa pembe ya sahani. Njano na zambarau zikikutana zikiwa mbichi huzaa kahawia, na ndicho kilichoua vitovu vyenu.

Weka vitone viwili vya njano iliyokolea ndani ya kile kiduara cheupe, vikiwa karibu karibu, na uache weupe kidogo ukivizunguka. Vikikauka, gusa upande wa chini wa kila kitone kwa machungwa hafifu. Basi.

## Hatua ya 9: Majani

Majani ya ua hili ni mazito, ya mviringo, yenye manyoya laini, na hukaa kama sahani chini ya maua. Matatu yanatosha.

Kijani cha kwenye kasha mara nyingi kinang'aa kama ndoo mpya. Kitulize kwa nyekundu kidogo sana, ncha ya brashi tu. Paka jani nusu moja kwanza, acha mstari mweupe wa mshipa wa katikati, kisha nusu ya pili. Manyoya usiyachore.

## Ukishalijua hili, jaribu mawili mengine

Haibiskasi nayo ina petali tano, ila ni pana, zinalaliana, na kutoka katikati inachomoza fimbo ndefu yenye vitone vya chavua. Fimbo hiyo iachie nafasi nyeupe tangu mwanzo, kwa sababu rangi hizi hazina nyeupe ya kuirudisha. Hapa ndipo nyekundu ya pilipili inapofaa. Kooni mwa ua weka nyekundu iliyokolea, ikiwa petali bado inang'aa.

Bogenvilia huwachanganya watu. Tunachokiita ua ni vijani vitatu vyembamba vyenye rangi. Maua yenyewe ni vile vibomba vidogo vyeupe vya katikati, kwa kawaida vitatu. Chora vijani vitatu vyenye ncha, chai ya rangi tupu, uache kitone cha karatasi nyeupe. Ukijaza tawi zima, viache vingine viungane vikiwa vibichi. Kwenye bogenvilia kuungana kunapendeza.

Asumini iache kwa sasa. Ua jeupe kwenye karatasi nyeupe huchorwa kwa kupaka kila kitu kisichokuwa ua, na hiyo inahitaji somo lake.

## Kuokoa lililoharibika

Rangi imemwagika pasipotakiwa na bado mbichi: gandamiza tishu kavu mara moja, wima. Usisugue.

Imekauka lakini imekolea mno: lowesha kwa brashi safi, hesabu hadi kumi, nyonya kwa tishu. Rudia. Haitarudi kuwa nyeupe kabisa, lakini itapungua.

Koliflawa limetokea: acha likauke kabisa kwanza. Likiwa karibu na kitovu, lifunike kwa kivuli cha tabaka la pili. Likiwa ukingoni, lainisha ukingo wake kwa brashi yenye unyevu.

Karatasi imetoa manyoya: simama hapo. Kila utakachoongeza kitazidisha jeraha. Anza karatasi nyingine, na safari hii punguza kurudia.

## Kutunza vifaa kwenye hewa yetu ya pwani

Usifunge kasha la rangi likiwa bichi. Hewa ya bahari haikaushi kitu, na baada ya wiki utakuta ukungu juu ya vidonge. Liache wazi kivulini usiku kucha, ulifunge asubuhi.

Brashi usiiache imesimama koponi kwa kichwa. Ncha hujikunja na hairudi. Ioshe, itengeneze ncha kwa vidole, ilaze bapa. Ukiisimamisha ikiwa imelowa, maji yanateremkia kwenye shingo ya bati na gundi inaachia.

Karatasi zilizobaki ziweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, juu ya kabati na si sakafuni. Karatasi iliyonyonya unyevu hunywa rangi kwa mabaka.

Utepe uondoe picha ikiwa imekauka kabisa, ukiuvuta polepole kuelekea nje, mbali na ua. Ukitaka kuibandika ukutani, chagua ukuta usiopigwa na jua, maana zambarau na waridi nyingi za bei nafuu hupauka zikianikwa. Kisha geuza karatasi na uandike nyuma kwa penseli: tarehe, rangi ulizochanganya, na muda petali zilivyochukua kukauka siku hiyo. Mtakaponitumia picha tena, nitumieni na upande huo wa nyuma.